Mwanya

Mtu akianguka, usimchore akianguka.
Hilo nililijua mwaka wa pili,
baada ya kumaliza wino mwingi kwa miguu iliyo hewani
na mikono inayozunguka kama feni.
Haikuchekesha. Ilitisha, basi.
Mchore akiwa juu, anajisifu.
Acha mwanya mweupe, upana wa kidole.
Kisha mchore chini, theluji mpaka kifuani,
kofia ingali kichwani,
na skii moja inaendelea na safari bila yeye.

Huyo ndiye Lojze. Pua kama kiazi,
begi zito kuliko ndoa yake.
Miaka ishirini na saba, kila Ijumaa,
anapanda mlima katika ukurasa wa kumi na moja,
chini ya bei za kuni, ubavuni mwa tanzia,
na kilele hajakitia machoni.
Alimpa dubu soseji; dubu akaulizia haradali.
Alitembea saa sita hadi kibanda cha juu
agongewe muhuri kwenye kadi yake ya wapanda milima.
Kadi ameisahau nyumbani.
Akarudi na muhuri kwenye paji la uso.

Hapa Bohinj wananiambia: Metka, huyu si shemeji yako?
Sikubali, sikatai.
Shemeji ana wakili.

Mimi mwenyewe sipandi tena.
Goti la kulia lilistaafu kabla yangu.
Nachora jikoni, supu ya shayiri inatokota,
mlima uko palepale dirishani, haunidai kitu.
Na theluji, nikwambie, haichorwi.
Unachora kila kisichokuwa theluji,
halafu unanyamaza.

Februari ile nilimkalisha Lojze
kwenye ukingo wa theluji, anakula mkate.
Mwanya.
Yuko bondeni, mkate ungali mdomoni.
Nilicheka peke yangu nikichora,
jambo ambalo hutokea labda mara mbili kwa mwaka.

Ikatoka Ijumaa.
Jumamosi ukingo wa kweli ulikatika
na kijana wa Kranj, miaka ishirini na mitatu.
Magazeti yalikuwa bado juu ya meza za mkahawa,
yana vikombe juu yake.

Wiki iliyofuata nilipeleka visanduku vinne vitupu.
Zdravko, mhariri, akapiga simu:
"Metka, mashine imekula katuni yako."
"Haijala kitu. Ni theluji."
Alikaa kimya, nikasikia kiti chake kikilia.
Akaichapa.
Ubavuni, kwenye tanzia, kijana alikuwa anatabasamu
amevaa kofia ya sufu.

Mwezi ukapita, nami sichori.
Ndipo Vinko wa kikosi cha uokoaji akaja,
vidole vimepasuka kwa baridi,
akala bakuli mbili bila kusema lolote.
Nilingoja anilaumu. Nilishajiandaa hata kukubali.
Akapangusa masharubu.
"Ile tupu," akasema, "tumeibandika ukutani, kambini.
Yule mdogo wetu, aliyejiunga juzi, ameiharibu.
Amechora pua. Kisanduku cha nne.
Pua tu, imetokeza juu ya theluji."
Hatukutazamana.
"Usiache kumwangusha, Metka.
Wale tunaowafuata sisi, si wote wanaoamka.
Tunahitaji mmoja anayeamka kila wiki."

Aliondoka na kipande cha mkate mfukoni.
Alidhani sikumwona.

Pua ile nilikwenda kuitazama.
Kijana anachora vibaya mno: tundu moja kubwa, jingine hakuna.
Nimeiiba hivyo hivyo.
Tangu hapo Lojze anapumulia upande mmoja,
na watoto wa shule wameniandikia kuuliza kama ana mafua.

Mwanya nao nimeupanua, vidole viwili sasa.
Zdravko analalamika kwamba nakula nafasi ya bei za kuni.
Mwache alalamike.
Mtu yumo mle ndani.
Anahitaji muda wa kutua.