Ritifaa

Asubuhi ya kwanza niliwaketisha kibarazani, hapa Kajulu,
Akeyo na daftari, Odera na chaki aliyokwisha kuilamba.
Selimundu haina ratiba:
wiki hii goti, wiki ijayo mgongo,
na darasa la watoto sitini haliwezi kumngoja mmoja
arudi kutoka kwenye maumivu.
Basi shule ni mimi. Mimi, mchora mabango wa Kondele,
niliyeacha masomo darasa la saba
na mwandiko mzuri tu mkononi.

Ushauri ulifika kabla ya vitabu.
Shemeji Ogutu, mwalimu mstaafu, alisema: silabi.
Ba be bi bo bu mpaka ulimi uote sugu,
ndivyo tulivyosoma sote na hakuna aliyekufa.
Domtila akaja na kadi kutoka zahanati anakofanya kazi,
picha juu, neno chini, kikombe, kiatu, kuku:
mtoto alimeze neno zima kama omena, kichwa na mkia.
Jirani akasema anzeni na Kiingereza, dunia haingoji.
Mama yangu akauliza kwa nini si Dholuo,
kwani kuna mtoto aliyejifunza kutembea ugenini?

Nilijaribu yote. Sijivunii.
Kwa silabi tulipiga kelele mpaka kuku wakahama.
Akeyo akazijua, kuanzia ba hadi zu,
ila ukimwandikia "baba" anasema "ba", anapumzika, "ba",
kisha ananitazama kama mtu tusiyejuana.
Kwa kadi, Odera alisoma kumi bila kosa.
Nikafunika picha.
Akasoma: "Kidole."
Kwa Kiingereza tulikaa siku mbili,
mpaka Akeyo alipouliza, herufi zinazosimama pale
bila kutamkwa, nani anazilipa?

Kisha usiku mmoja goti likaamka.
Dawa alishameza, maji alishakunywa, kilichobaki ni kungoja.
Nikashika kiganja chake, nikaandika kwa kidole gizani,
polepole, kama ninavyochora bango,
maana kwangu herufi ni mwendo wa mkono
kabla haijawa sauti.
Akabahatisha. Akapata. Akataka jingine.
Niliandika ngoma. Niliandika ng'ombe,
na pale panapostahili nikamgusa kwa ukucha.
"Hiyo ni nini?"
"Ritifaa."
Akayatia maneno yote mawili mdomoni, akayageuza,
ngoma, ng'ombe, ngoma,
halafu akalijaribu la nyumbani: dhiang'.
Kimya. Nilidhani amelala.
"Baba, kumbe ng'ombe wa Kiswahili ana pembe.
Wa kwetu ana mkia."

Tangu hapo hatuna mbinu yenye jina.
Asubuhi silabi kidogo, kwa heshima ya Ogutu;
kadi ni za Odera, anazijengea nyumba;
yaliyobaki tunayaandika viganjani, mchangani,
kwenye mvuke wa kifuniko cha sufuria.

Jumamosi goti lilitoa ruhusa, tukashuka Kondele.
Akeyo akasimama mbele ya kazi yangu ya miaka minne,
herufi nyekundu, zenye kivuli, fahari yangu:
BUCHA YA ORIARO. NYAMA YA NGOMBE NA MBUZI.
Kidole chake kikatembea hewani, kikafika, kikarudi nyuma.
"Baba," akasema, kwa huruma,
"huyu hana pembe."

Miaka minne! Na watu wamekula tu.
Nikaazima ngazi. Rangi nyekundu nilikuwa sina,
nikatia tone jeusi, nikashuka.
Oriaro akatoka na kisu, akainua macho.
"Sasa huyo nzi umemweka wa nini juu ya nyama yangu?"
Akeyo akamweleza, mikono nyuma, kwa sauti ya mwalimu mkuu.
Sijui kama alielewa. Alitukatia robo ya maini, bure.
Odera, begani kwangu, bado alikuwa amelikazia macho lile bango,
midomo ikihangaika,
mpaka akalipata neno, lake mwenyewe, akalisoma kwa nguvu
soko zima likasikia:
"Nzi!"