Jozi za Mwaka Mpya

Kila mwaka ukielekea kuisha mimi huvunja jozi.
Tsiala husema kilo ngapi, nami huketi na nyundo,
gazeti kuukuu magotini,
na ganda la kwanza hunirukia jichoni. Halikosi.

Zamani zilikuwa kilo tano.
Watatu walinizunguka kama kuku:
Eteri akinyofoa kiini kizima kizima,
Nugzari akihesabu za kila mtu asije akapunjwa,
na Ucha, kibogoyo wa miaka sita, akilamba asali mwikoni
hadi mama yake amfukuze kwa kitambaa cha sufuria.

Saa sita kasoro dakika tano tulimtoa Ucha nje,
kwenye theluji, mifuko imefura peremende.
Huku Zestafoni anayevuka kizingiti wa kwanza
ndiye mwaka wenyewe,
na Ucha alikuwa na mguu wa heri.
Mwaka aliotangulia yeye, ng'ombe alizaa pacha.
Mwaka aliotangulia jirani yetu Shota, nilivunjika nyonga.
Tangu hapo hatukufanya mchezo.

Kisha wakakua, bila kutuomba ruhusa.
Nugzari akaleta mke, nikachonga ubao wa kurefushia meza.
Akaleta mke mwingine; ubao ulikuwa ule ule,
ila Tsiala alimwita mara mbili kwa jina la yule wa kwanza,
tukala bata mzinga kimya, kama tuko matangani.
Eteri akaenda Bari kuogesha wazee wa watu.
Siku hizi huketi mezani ndani ya simu,
ameegemezwa kwenye dumu la divai,
anatuuliza mbona tumekonda,
nasi tunamsogezea kila sahani karibu na kioo
kana kwamba ataonja.

Ucha akawa dereva wa treni.
Kuna mwaka zamu ilimshika Khashuri.
Fataki zikaanza ng'ambo ya mto,
na mlangoni hakuna mtu, hakuna mguu.
Nikavaa koti, nikatokea jikoni,
nikaizunguka nyumba niliyoijenga kwa mikono hii,
nikabisha hodi.
"Nani?" akauliza Tsiala, kana kwamba hajui.
Nikakosa la kujibu.
Nilisimama pale, peremende kiganjani,
mzee wa miaka sabini na mmoja,
baridi ikinipanda toka nyayoni.
"Mimi," nikasema. "Fungua, ni mimi tu."

Alicheka. Halafu hakucheka.

Bahati yetu tuna kalenda mbili.
Tarehe kumi na nne Januari mwaka huanza tena,
ule wa zamani, kwa ajili ya waliochelewa.
Safari hii wamesema watakuja siku hiyo, wote:
Ucha, ambaye sasa hali nyama
("Hata kuku?" Tsiala amemuuliza mara tatu),
Eteri, na mvi ambazo simu haikutuonyesha,
na Nugzari, peke yake,
mwezi wa tisa huu hajagusa tone.

Mezani mimi ndiye msemaji.
Miaka arobaini nimeinua divai yangu mwenyewe,
kwa wafu, kwa wazazi, kwa watoto,
na kwa maji, kwetu, mtu hamwombei mwenzake heri.
Jana nilishuka dukani, nikanunua soda ya kijani,
ile yenye harufu ya majani
aliyoinywa utotoni hadi ulimi ukawa kama wa mjusi.
Chupa mbili. Nimezificha nyuma ya kuni.
Nitajaza pembe yangu kwanza, kisha yake.
Maneno ya kusema bado sina.

Tsiala anaita toka jikoni: kilo mbili.
Naokota nyundo.
Baada ya kitambo anaita tena:
fanya tatu.