Namba Nzuri

Miaka sita Bi Mauza anakuja kwangu, kituo cha afya cha Ibra,
kila miezi mitatu, na mfuko uleule wa duka la vitambaa,
makasha matupu ya vidonge yakikwaruzana ndani.
Nami miaka sita nabonyeza kitufe kimoja:
rudia.
Metformini, rudia.
Glibenklamidi, asubuhi na jioni, rudia.
Dakika saba. Mlangoni wamebaki kumi na wanne.

Sukari yake ya miezi mitatu: sita nukta moja.
Nilimsifu. Nilimwita mwanafunzi wa udaktari aione:
hivi ndivyo inavyotakiwa.

Jumatatu hii kaja na nyuzi nne juu ya jicho.
"Nimeanguka jikoni," akasema kwa Kiarabu,
nikaandika: kaanguka jikoni,
na kidole kikaelekea kitufe kwa mazoea,
kama punda ajuaye njia ya kisimani.

Lakini Biju wa dirisha la dawa
alikuwa amebandika kijikaratasi cha manjano kwenye faili:
*Miaka sabini na minane. Figo thelathini na nne.
Daktari, kidonge hiki bado?*
Alama ya kuuliza ndogo, kama punje ya bizari.

Nikageuza kiti.
Nikamuuliza kwa Kiswahili, kile cha bibi yangu
aliyerudi Omani na sanduku la bati na lafudhi ya Tabora:
"Usiku, mama, unalalaje?"

Akanyamaza kwanza. Akakaza ukingo wa shela.

"Saa tisa huja.
Jasho chapachapa, moyo mbio,
mikono si yangu.
Najikokota hadi kwenye friji, nala tende tatu,
basi, kinaniachia.
Nikajua ni yule wa mama yangu, karithi nyumba.
Nikamfukizia ubani."

Mwaka mzima
alikuwa akikifukizia ubani kidonge changu.

Kuandika dawa nilifundishwa, na mtihani nikafaulu.
Kufuta, nimefundishwa na nyuzi nne.
Nikafuta. Metformini nikaipunguza nusu.
Nikamwambia sukari ikipanda kidogo tutaiacha ipande,
ifike saba na nusu, hata karibu na nane,
tusiikimbize kwa fimbo.

"Na ile namba yako nzuri?"

"Haikuwa nzuri, mama. Ilikuwa njaa."

Akacheka, akashika jicho, nyuzi zilimvuta.

Alipotoka nikaiambia kompyuta initolee
wote waliopita sabini wanaomeza kile kidonge.
Arobaini na mmoja.
Majina ninayoyajua, salamu zao nazijua, harusi za wajukuu zao,
na usiku wao siujui hata mmoja.
Nje sasa wako kumi na saba, na mtu anakohoa kwa hasira.

Mlango ukafunguka tena, kichwa tu:
"Daktari, na ubani? Niache?"

"Ubani endelea nao," nikasema.
"Nyumba inanukia."