Shukrani Haisukiki

Wiki moja kabla ya dripu ya kwanza
Rispa Akeyo aliingia kibandani kwangu, Kondele,
akakalia kile kiti cha mguu uliofungwa waya,
akasema: Fumua.
Nikafumua. Matuta kumi na moja
niliyomsuka Jumamosi kwa deni.
Sikuuliza. Msusi huuliza kwa vidole,
na vidole vilikuta shingo inatetemeka.

Sikuja kunyolewa, akasema.
Nimekuja tuzilinde.

Mimi? Mimi najua chanuo na mafuta ya nazi,
najua kumkemea mteja anayekaza kilemba
hadi nywele za paji zing'oke.
Dawa inayopita mshipani ikiua
chochote chenye haraka ya kukua,
uvimbe na unywele, bila kubagua,
hiyo sikufundishwa.

Lakini tulimjua Dorka Minayo.
Dorka wa Mbale, aliyemaliza matibabu
huu mwaka wa nne, titi moja, mzima,
anauza ndizi, anaongoza sauti ya tatu kanisani.
Walimwambia zitarudi,
na kweli, za wengi hurudi.
Zake hazikurudi. Utosini panang'aa
kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Watu humwambia: shukuru, u hai.
Naye hushukuru. Kisha hufunga kitambaa
hata akilala, hata akiwa peke yake na paka.
Shukrani, aliniambia siku moja,
haisukiki.

Sista Kwamboka ndiye aliyetoa kofia kabatini:
tatu, za buluu, zimejaa jeli,
zilikuja na msaada, hazijawahi kuvaliwa,
kwa maana wodi haina pa kuzigandisha.
Baridi hufinya mishipa ya kichwa, alisema;
dawa ikibisha hodi, ikute mlango umerudishwa.
Umerudishwa tu, si kufungwa. Msinisingizie ahadi.

Basi tukaenda kwa Ochanda muuza mbuta.
Jokofu lake ni refu, jeupe, lina kifuniko;
hakuna aliyesema limefanana na nini.
Akazipima kofia kwenye mizani,
akatutoza kama minofu, kwa kilo.

Nusu saa kabla ya dripu, kofia ya kwanza.
Nilimlowesha nywele, nikazigawa mistari
kama anayeanza kusuka, baridi ifike ngozini,
nikamwekea shashi pajini na masikioni
barafu isimbabue.
Rispa aliita jina la mama yake.
Baadaye akasema: sasa sina kichwa, endeleeni.
Kila dakika ishirini simu yangu ililia,
nikatoa nyingine kashani, nikakaza ukanda,
na wodi nzima ikanuka samaki.
Mzee wa kiti cha pili akauliza
kama ndicho chakula cha mchana.
Rispa alicheka, meno yakigongana,
na dripu ilipokwisha tukabaki
saa moja na nusu zaidi, tukibadilisha,
wenzetu wameshaenda, mfagiaji akituzunguka.

Mara sita hivyo.

Zilipungua. Sitadanganya.
Wiki ya tatu chanuo lilijaa
nikalificha nyuma ya mgongo kama mwizi.
Nyusi zikaenda, kope zikaenda;
kofia haifiki huko.
Na juu ya sikio la kushoto
pana duara la ukubwa wa shilingi ishirini:
hapo sikukaza vyema. Nalijua
kama ninavyojua mstari wangu uliopinda.
Kwingine kote mizizi imeshika.

Leo nimemsuka matuta manne, mepesi, bila uzi.
Dorka alimsindikiza. Amekaa kwenye benchi,
akitazama mikono yangu muda mrefu,
kisha, kibanda kikiwa wazi na barabara ikipita,
akafungua kitambaa
akakaa kwenye kiti cha waya.
Nipake mafuta, akasema.

Nikapaka. Polepole,
kutoka paji kwenda kisogo,
kana kwamba kuna mstari wa kufuata.