Wembe

Manowari Ousel: faili lake ni ukurasa mmoja.
Iliundwa Jarrow, 1903.
Dohani nne, torpedo mbili.
Doria. Doria. Ukungu. Doria.
Iligongwa na meli ya makaa nje ya Harwich,
ikashonwa, ikarudi kazini.
Iliuzwa chuma chakavu, kwa tani.

Halimtaji Cuthbert Tulip, mchochea tanuri,
aliyekula biskuti zenye vumbi la makaa
miaka minne, asiione bahari
ila ile iliyomvujia viatuni.

Leo Cuthbert kanunua wembe mpya.
Ananyoa polepole, akilikwepa
kovu la mvuke shavuni.
Chuma ni chuma, anajiambia.
Kisha anaugeuzageuza dirishani,
kama mtu atafutaye jina.

Umemchanja kidogo, chini ya sikio.
"Kumbe ni wewe," anasema.