Bolti Iliyobaki

Fundi wa kule ng'ambo ya reli alitaja bei,
nikamwambia nitarudi, naye akajua sirudi.
Mshahara wa mwalimu wa hesabu hapa Zenica
huingia ukiwa umeshagawanywa.
Basi Jumamosi, theluji nyembamba kama unga kwenye kibao,
nikashusha kutoka ghorofa ya nne
jeki, spana, tochi, pedi mpya za breki
na kiti kimoja cha jikoni,
maana magoti yangu na saruji hayapatani tena.

Golf yetu ina miaka thelathini na miwili.
Zamani ilikuwa nyekundu; sasa ina rangi ya mtu aliyesutwa.
Nikalegeza nati kabla ya kupiga jeki,
nikaweka jiwe nyuma ya tairi.
Lamija akashika tochi kama washikavyo watoto wote:
akimulika alikotazama yeye.

Bolti ya kwanza ilikataa.
Nikaibembeleza kwa mafuta, nikaitukana kwa Kibosnia,
nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikaning'inia,
ikatoa mlio mfupi
kama karani anayekiri kosa.

Dirishani, ghorofa ya pili, Hamdija akakohoa.
Miaka ishirini na sita kwenye tanuru la chuma,
gari hajawahi kumiliki,
lakini ushauri haukatiwi leseni.
"Kushoto!" akapaza sauti.
Nilikuwa nazungusha kushoto.

Saa kumi jioni magurudumu yamerudi,
mikono myeusi hadi viwikoni,
na pale kwenye theluji, bolti moja.
Safi. Haina kutu. Haina kwao.

Nikafungua upya, kulia na kushoto.
Nikahesabu kama nisahihishavyo mitihani:
kila tundu na lake, kila tundu limejaa.
Nikafunga.
Nikaitazama.
Nikafungua tena.
Betri ya tochi ikafa kabla ya ukaidi wangu.

Usiku Hamdija akapanda kunywa kahawa, hakualikwa,
akaigeuzageuza bolti kiganjani,
akaiinua kwenye taa kama sonara.
"Hii," akatamka, "ni ya injini.
Bila hii, siku moja pale darajani,
gari litakwenda njia yake, wewe yako."
Akaegemea nyuma ili neno lituingie,
na kiti kikamwachia.

Mguu mmoja chini ya jiko, mmoja mlangoni,
kahawa kwenye shati, Hamdija sakafuni,
mkono bado juu, bolti nzima kati ya vidole,
kana kwamba ndiyo pekee iliyostahili kuokolewa.

Lamija alianza kucheka, sisi tukafuata.

Nikakikaza kiti kwa spana namba kumi na tatu.
Jumatatu, mteremko wa kwenda shuleni,
barafu kando ya mto Bosna, taa nyekundu.
Nikakanyaga.
Gari likasimama.
Taa ikageuka kijani, nami bado nipo,
nyuma yangu honi kwa honi,
nikikanyaga na kuachia,
nikikanyaga na kuachia.