Mhuri wa Muda

Alikuja mwenyewe, mwaka ule wa vurugu,
kofia mkononi, viatu vina vumbi la Menengai,
akapanga foleni kwenye baraza yangu, hapa Nakuru,
nyuma ya akina mama wa chama cha kuku.
Nilimpenda kwa hilo. Nisiseme uongo.

Madiwani walikuwa wakirushiana viti tangu Januari.
Taka zilifika madirisha ya soko,
unga umepaa, Bondeni watu wanalala kwa zamu.
Kura tulipiga mara tatu, mara tatu zikapotea njiani
kati ya shule ya msingi na jumba la manispaa,
mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

"Nichongee mhuri," akasema. "MWENYEKITI WA MUDA.
Hilo MUDA lionekane vizuri,
watu wasije wakadhani nina tamaa."
Tukacheka, mimi na yeye.
Nikakata mpira, nikapaka gundi.
Akalipa taslimu, akaacha chenji.

Wiki ya pili taka zikazolewa.
Haki yake nimpe: zikazolewa.
Wekulo muuza magazeti alimkumbatia dereva wa lori,
na usiku ule Jerusha wangu alilala
bila kusukuma kabati mlangoni.
Nani angeuliza lori ni la nani,
na wale vijana wa fulana za kijani
wanalipwa kutoka mfuko upi?
Mwenye njaa hakagui sufuria.

Mhuri wa pili alimtuma karani: IMEAHIRISHWA.
Ukapigwa juu ya uchaguzi wa Agosti,
kisha wa Desemba,
kisha juu ya kesi ya waliouliza habari za Desemba.
Wa tatu: KWA USALAMA WENU.
Wa nne ulikuwa sura yake.
Niliambiwa nipunguze kidevu. Nikapunguza.

Kufikia hapo hakuwa tena wa Nakuru.
Alikuwa wa redio,
saa moja, saa tatu, na katikati ya mpira.

Asubuhi moja wakaja vijana wanne
na ule mhuri wa kwanza, kingo zimelika.
"Kata mkia."
Nilijua upi. Nikachukua wembe.
WA MUDA: herufi sita,
zikatoka kwa mkato mmoja kama ukucha,
nikazifagia pamoja na maganda ya penseli.
Hawakulipa. Sikudai.

Mwalimu Jebiwott alikuja mvua ikinyesha,
karatasi kazificha ndani ya mfuko wa unga,
majina mia nne na kitu, mengine ya dole gumba.
Alitaka neno moja tu: HATUKUKUBALI.
Akalipa nusu. Akasema Jumamosi.

Jumamosi zimepita, sijui ngapi;
kalenda ya ukutani ni picha yake
na tarehe zimebanwa chini, ndogo kama sisimizi.
Mhuri wa Mwalimu uko kwenye droo, chini ya risiti.
Jerusha anasema niuchome. Nasema kesho.

Usiku, nikishafunga,
huubonyeza bila wino kwenye kiganja changu.
Herufi nilizozichonga kinyume
zinasomeka sawasawa, nyeupe,
kwa muda,
kisha damu inarudi.